Mistari iliyopita juu ya skrini

Katika utetezi wa tasnifu, kuna swali ambalo juri haliulizi vya kutosha: mifano mingine iko wapi? Mwanafunzi anayetumia Linux kwa maandishi matupu, bila madirisha, kwa sababu mashine kuukuu haibebi zaidi, anaandika amri ya kutafuta, matokeo yanapita mbio, na yanabaki kama mistari 25 ya mwisho. Hiyo ndiyo anayonakili.

Tuchukue Vocabulaire de la ville de Elisabethville, maandishi ya André Yav ya mwaka 1965, tukiwa nayo katika faili moja. Tunatafuta kwa grep maneno yanayoanza na ba-, ili tuone namna Kiswahili cha Lubumbashi kinavyosema batu mahali pa watu. Amri hiyo haichagui: neno kama baba au barua nalo litaingia. Basi kila mstari unataka kusomwa na kuchujwa. Aliyesoma 25 ya mwisho amesoma mwisho wa kitabu, kisha anaandika kana kwamba amekisoma chote.

Wakubwa watatuambia: bonyeza Shift na PageUp, utarudi juu. Ilikuwa kweli. Konsoli ya Linux ilitunza mistari kidogo iliyopita, ingawa mara nyingi ilipotea ukihamia konsoli nyingine. Mwaka 2020, toleo la 5.9 la keneli liliondoa uwezo huo, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa na kasoro za usalama na hakukuwa na wa kuutunza. Binafsi sisikitiki. Ulituzoesha kutegemea bahati.

Zilizobaki ni njia bora. Ukimalizia amri yako kwa | less, unasoma ukurasa kwa ukurasa, b inakurudisha nyuma, q inakutoa. Ukimalizia kwa | tee matokeo.txt, unaona na kuhifadhi papo hapo. Msahaulifu aanze kikao kwa script: kila kinachotokea skrinini kitaandikwa katika faili iitwayo typescript mpaka aandike exit. (Ujumbe wa kosa, kwa mfano kwamba faili fulani haipo, hauingii katika less wala tee usipoweka 2>&1 kabla ya kile kistari cha wima. Wengi hawalijui hili, na faili iliyokosekana haihesabiwi.) Na kama yamekwisha kupita, rudia amri, maandishi hayajabadilika.

Pendekezo langu: tasnifu yoyote yenye hesabu za maneno iambatanishwe na faili ya matokeo kamili, pamoja na amri iliyoyatoa. Najua baadhi ya walimu wetu watasema hayo ni mambo ya wahandisi, sisi ni watu wa lugha. Lakini walimu haohao, mwanafunzi akirudi kutoka uwandani na dakika ya mwisho tu ya mahojiano, humrudisha akalete kaseti nzima.