Stima ipo usiku wa manane, biashara zetu zinaikosa jioni

Mwezi uliopita nilipita Kilifi mjini kununua samaki kwa mama mmoja ninayemjua kwa miaka mingi. Saa moja jioni stima ikapotea. Akazitazama friza zake tatu, akaniambia: "Mwanangu, chukua hata kwa nusu bei. Kesho hawa si wa kuuzwa tena." Niliondoka na kilo nne za changu ambazo sikuwa nimezipangia.

Kukatika kwa stima si tatizo lake pekee. Amekuwa akitaka kuweka mashine ya barafu ili awauzie wavuvi na mama karanga. Aliambiwa transfoma ya mtaa imelemewa, hivyo asubiri au agharamie yake mwenyewe.

Tumezoea kulalamika kwamba Kenya haina stima ya kutosha. Kwa maoni yangu, kinachokosekana hasa ni stima ya jioni. Mwaka 2025 mahitaji ya juu zaidi nchini yalivuka megawati 2,300, na kilele hicho hufika jioni, watu wanaporudi nyumbani. Saa hizo mtambo wa jua wa Malindi, wenye uwezo wa megawati 40, huwa umelala. Rais William Ruto mwenyewe amekiri kuwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa. Lakini ikifika usiku wa manane, mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani na mitambo ya upepo ya Turkana hupunguzwa kasi kwa kukosa watumiaji.

Betri inaweza kuziba pengo hilo. Chukua mfano wa duka linaloruhusiwa kilowati 10, lakini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku linahitaji 15. Kilowati 5 za ziada kwa saa nne ni uniti 20. Betri ya uniti 25, ikijazwa polepole kwa saa nane za usiku, huongeza mzigo wa kilowati 3 hivi tu, tena wakati majirani wamelala. Transfoma ni ile ile, waya ni ule ule, na barafu inapatikana.

Swali ni nani atanufaika. Tangu Desemba 2017 wateja wakubwa wa Kenya Power wamekuwa na nafuu ya bei ya usiku, kwa masharti. Wateja hao pia hutozwa kwa kilele cha matumizi yao ya mwezi. Hoteli kubwa ya Diani au kiwanda cha Mombasa kikiweka betri, kinaokoa pesa mara mbili. Muuza samaki hana mtaji wa kuanzia, na benki haioni dhamana katika friza.

Ndiyo maana naona betri ya pamoja ndiyo njia yetu. Vikundi vya BMU tayari vinasimamia bandari za wavuvi. Kaunti ikiweka mashine moja ya barafu na betri moja kwenye bandari, na sacco ikakopesha kwa kikundi badala ya mtu mmoja mmoja, gharama itabebeka.

Lakini tusikimbilie bei rahisi. Joto na chumvi ya Pwani huzeesha betri upesi, kwa hiyo zinahitaji chumba chenye kivuli na hewa. Na zikichakaa zitaenda wapi? Wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Anayetuuzia betri leo aandike kwenye mkataba kwamba ataichukua ikifa.

Betri haizalishi stima, na haiondoi wajibu wa kuongeza nyaya na transfoma. Lakini nyaya huchukua miaka, na samaki haongojei hata siku mbili. Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi kutoa maoni, tusiulizie barabara na maji peke yake. Tuulizie na barafu.