Maneno Yanayotoweka Katika Barua Pepe: Litafutwe Kosa Kabla ya Mkosaji

Na ichukuliwe kwamba karani wa ofisi ya elimu amepeleka barua pepe yenye aya nne, na mwalimu mkuu aliyeipokea amesoma aya tatu. Aya isiyoonekana ndiyo iliyotaja siku ya mwisho ya kuwasilisha majina ya watahiniwa. Siku hiyo ikishapita, lawama huanza. Karani huapa kwamba aliiandika aya hiyo, mwalimu huapa kwamba hakuiona, na mkubwa wao hulazimika kuamua ni nani mwongo. Hata hivyo, yawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli. Makosa ya namna hii yana sababu zinazojulikana, nayo yaweza kutafutwa kwa utaratibu uleule unaofundishwa katika maabara za shule za sekondari. Kumwadhibu mtu kabla ya utaratibu huo kufuatwa si haki, wala si sayansi.

Yafaa kwanza ieleweke barua pepe ni kitu gani. Barua ya karatasi ni ileile tangu inapofungwa katika bahasha mpaka inapofunguliwa. Wino alioutia mwandishi ndio auonao msomaji. Barua pepe sivyo ilivyo. Kinachosafiri ni mfuatano wa namba tu. Programu ya mwandishi hugeuza herufi kuwa namba, seva mbalimbali hupokezana namba hizo, kisha programu ya msomaji huzigeuza tena kuwa herufi na kuzichora upya juu ya kioo cha kompyuta au simu. Kwa hiyo maneno yaweza kutoweka mahali patatu: kwa mwandishi, njiani, au kwa msomaji. Asiyepatenga mahali hapo patatu atahangaika bure.

Makosa ya njiani yana historia yake. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Mwaka 1982 Jon Postel aliandika kanuni za kupokezana ujumbe zijulikanazo kwa kifupi kama SMTP, ambazo msingi wake ungali ukitumika. Kanuni hizo zilihitaji alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umekwisha, na alama iliyochaguliwa ni mstari wenye nukta moja peke yake. Ili nukta ya mwandishi isidhaniwe kuwa ndiyo hiyo, programu inayopeleka hutakiwa kuongeza nukta nyingine mbele ya kila mstari unaoanza kwa nukta, na inayopokea huiondoa. Programu iliyotungwa vizuri hufanya hivyo bila mtu kujua. Iliyotungwa vibaya husahau kuongeza, na hapo mambo mawili huweza kutokea. Mstari wenye nukta peke yake huukata ujumbe palepale, na yote yaliyofuata hayafiki. Au mstari ulioanza kwa.5 hufika ukisomeka 5. Mwalimu wa kemia ataona mara moja hatari ya kosa hilo la pili, kwa maana kipimo kimeongezeka mara kumi pasipo mtu kugusa chochote.

Kanuni hizo za mwaka 1982 zilibeba herufi za mfumo wa ASCII tu, wenye alama 128. Mwaka 1992 zilitokea kanuni za MIME, zilizoruhusu herufi za lugha nyingine, picha na viambatisho. Na mwaka huohuo Ken Thompson na Rob Pike walibuni mfumo wa UTF-8, unaotumiwa sana siku hizi. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kirumi, mtu aweza kudhani kwamba kimesalimika na misukosuko hiyo. Lakini kina mahali pamoja padhaifu, napo ni ritifaa ya ng'. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa nyofu kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo katika ASCII. Katika mfumo uitwao Windows-1252 ritifaa hiyo ni namba 146. Katika mfumo wa ISO-8859-1 namba hiyohiyo ni alama ya uendeshaji isiyokuwa na umbo. Ujumbe ukiandikwa kwa mfumo wa kwanza, kisha ukapewa jina la mfumo wa pili, programu inayolifuata jina hilo bila kukisia haitachora kitu. Ndipo neno ng'oa linapogeuka kuwa ngoa. La kwanza ni kuutoa mti pamoja na mizizi yake; la pili ni tamaa au wivu.

Kwa upande wa mwandishi, upotevu mwingi hutokana na lugha ya HTML, ambayo hutumika kupamba barua pepe nyingi za leo. Katika lugha hiyo alama < na > hufunga maagizo kwa programu. Na ichukuliwe kwamba mwalimu wa hisabati ameandika katika fomu ya mfumo usiotungwa kwa uangalifu maneno haya: ikiwa a<b na c>d. Mfumo ukiyapeleka bila kuzigeuza alama hizo kwanza, programu ya msomaji itadhani kwamba yaliyo kati ya alama hizo mbili ni agizo, nayo itaonyesha: ikiwa ad. Kilichotoweka ni hisabati yenyewe. Nacho hakikufutwa, kingali ndani ya ujumbe, ila kimehesabiwa kuwa amri badala ya maneno.

Sababu iliyo nyepesi kuliko zote ni rangi. Mtu akinakili aya kutoka mahali palipoandikwa kwa herufi nyeupe juu ya weusi, rangi ile nyeupe huweza kunakiliwa pamoja nayo. Msomaji ambaye kioo chake ni cheupe atapata nafasi tupu. Aya ipo, lakini ni kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe na kusimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa.

Kwa msomaji nako mna maficho. Programu nyingi huyakunja maneno yaliyonukuliwa kutoka barua za awali na kuacha nukta tatu za kubonyeza. Gmail huukata ujumbe unaozidi takriban kilobaiti 102, ikaacha chini yake kiungo kidogo cha kuonyesha ujumbe mzima. Tena, barua pepe moja mara nyingi hubeba nakala mbili, moja ya maandishi matupu na nyingine ya HTML, na programu ya msomaji huchagua mojawapo. Nakala moja ikiwa pungufu, watu wawili waliopelekewa barua ileile watasoma mambo tofauti, na kila mmoja atamshangaa mwenzake.

Kwa kuwa maradhi ni mengi na dalili yake ni moja, kubahatisha hakufai. Dawa inayopendwa maofisini ni kuzima kompyuta na kuiwasha tena, au kuiandika barua upya. Pengine dawa hiyo huponya, lakini haifundishi kitu, na ugonjwa hurudi. Mwanafunzi ambaye taa yake haiwaki katika jaribio la umeme habadilishi betri, balbu na waya kwa wakati mmoja, kwa sababu taa ikiwaka hatajua kilichokuwa kibovu. Hubadilisha kimoja, akatazama, kisha akaendelea na kingine. Utaratibu huohuo ndio unaotakiwa hapa.

Kwanza, ujumbe wa asili usifutwe. Wala haitoshi kuupeleka mbele kwa mtu mwingine, kwani mara nyingi programu huuandika upya inapoupeleka, na ushahidi huharibika. Ni bora uhifadhiwe kama faili. Pili, msomaji ayateue maneno yote kwa mara moja. Kama tatizo ni rangi, aya iliyofichika itajitokeza papo hapo. Tatu, nakala iliyobaki kwa mwandishi ilinganishwe na iliyofika kwa msomaji. Aya ikikosekana katika zote mbili, uchunguzi uanzie kwa mwandishi. Ikiwapo katika ya kwanza tu, ujumbe uliofika ufunguliwe kwa programu nyingine au kwa simu. Ikionekana huko, kosa limo katika uchoraji wa programu ya kwanza. Nne, yatazamwe maandishi ghafi ya ujumbe, ambayo programu nyingi humruhusu mtumiaji kuyaona. Hapo ndipo hujulikana kama maneno yalifika yakafichwa, au hayakufika kabisa. Tano, upelekwe ujumbe wa majaribio, na katika kila jaribio libadilishwe jambo moja tu.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi wa kompyuta. Lakini shule nyingi hazina fundi, na hata penye fundi, yeye hawezi kutibu asichoonyeshwa. Anayepelekewa taarifa kwamba "barua pepe ni mbovu" hana pa kuanzia. Anayeambiwa kwamba aya imo katika nakala ya mwandishi, haionekani katika kompyuta ya msomaji, lakini yaonekana katika simu yake, amekwisha kupunguziwa nusu ya kazi.

Wako pia wanaoikwepa shida hii kwa kuipiga picha barua na kuituma picha hiyo. Ni kweli kwamba picha haipotezi ritifaa. Lakini picha ni nzito kwa mtu anayelipia kila megabaiti, haiwezi kutafutwa neno ndani yake kwa urahisi, na programu inayomsomea asiyeona mara nyingi hushindwa kuisoma. Barua ya namna hiyo humwokoa msomaji mmoja na kumfungia mlango mwingine.

Mambo mawili basi yastahili kufanywa. Ofisi zinazotuma maagizo yenye siku ya mwisho zimtake kila mpokeaji ajibu kwa kuitaja siku yenyewe, badala ya kuandika tu kwamba barua imepokewa. Jibu lisilo na tarehe litaonyesha mapema kwamba kuna kilichopungua, wakati bado ipo nafasi ya kurekebisha. Nazo shule zilifanye kosa hili kuwa zoezi la darasani. Mwalimu aweza kuandaa barua pepe yenye aya moja ya herufi nyeupe, nyingine yenye alama za < na >, na ya tatu yenye ng' zilizopoteza ritifaa, kisha awatake wanafunzi waeleze kila aya imetoweka wapi, na kwa ushahidi gani. Zoezi hilo halihitaji kemikali wala darubini. Atakayelifanya akiwa kidato cha pili, huenda miaka ishirini baadaye ndiye atakayekaa katika kiti cha mkubwa wa ofisi, mbele yake wamesimama karani na mwalimu mkuu, kila mmoja akiapa.