Mganga akivuka Kasumbalesa anasomeshwa, akibaki Likasi anasahauliwa

LIKASI – Tumechoka kuambiwa kwamba madaktari wetu wanaenda Zambia na Afrika Kusini kwa ajili ya dola tu. Mshahara ni sababu, hakuna anayekataa. Lakini kuna kitu kingine wanachopata kule, na wakubwa wa afya hawapendi kukizungumzia: masomo.

Zambia, daktari anatakiwa kuonyesha pointi za masomo ili kibali chake cha kazi kifanywe upya. Afrika Kusini pia anatakiwa kukusanya pointi, na baadhi ya pointi lazima zihusu maadili ya kazi. Nyingi zinapatikana kwenye intaneti: mtu anasoma usiku, anajibu maswali, anapewa cheti. Kwa hiyo Mkongomani aliyesomea Lubumbashi, akiwa Ndola au Durban, anazidi kujua. Na mwenzake wa benchi moja aliyebaki Panda au Kikula, yule anayepokea kwa siku moja mama mjamzito, mtoto mwenye homa na mzee mwenye presha? Mwulizeni ni lini mtu alimdai pointi hata moja. Mwalimu wake leo ni delege wa kampuni ya dawa, anayepita na kalamu na sampuli. Huyo hafundishi, anauza.

Msiseme haya hayatuhusu sisi wagonjwa. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Waliotibiwa kwa kinini, walikufa asilimia 10.9; kwa artesunate, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata OMS ikashauri watoto hao wapewe artesunate kwanza. Daktari asiyefikiwa na habari kama hiyo anaendelea kuandika alichofundishwa zamani, kwa moyo safi kabisa, na anayelipa ni mtoto.

Watajibu: hakuna feza. Feza gani? Tangu 2002 OMS ina Hinari, maktaba ya intaneti yenye majarida ya uganga, na nchi kama yetu inaingia bure. Ila anayejiandikisha ni hospitali au chuo, si daktari peke yake. Kujaza fomu kunahitaji bajeti gani? Kinachobaki ni mega, na hizo daktari anazinunua kwa mfuko wake, katika mji ambao shaba na kobalti yake vinapita barabarani usiku na mchana!

Na ninyi mlio nje, msijifiche. Saa ya Likasi, Ndola na Johannesburg ni moja. Jioni moja kwa wiki, kesi moja, kwa Kifaransa chetu na Kiswahili chetu, mnashindwa?

Kwa wakurugenzi wa hospitali zote za mji huu, maswali ni matatu. Je, hospitali yako imeandikishwa Hinari? Nani ana neno la siri? Na je, madaktari wako wanalijua? Majibu tutayaandika hapa hapa.