Ukihama na Tangi la Maji ya Chumvi, Toa Mchanga Kwanza!

Abanto baito, wiki nzima mnanitag kwa ile video. Mnaijua. Majamaa wanne wanapakia tangi la samaki kwa pikapu, maji wamepunguza, mchanga wameuacha wote ndani, juu karatasi ya plastiki, muziki unaingia, "tunahama na familia yote". Komenti ni moto moto tu. "Hawa ndio wako na akili."

Akili gani? Huko ni kuua samaki halafu unaweka wimbo juu yake. Naongea hivi kwa sababu nishawahi kufanya huo ujinga mwenyewe.

Beshte yangu ni kinyozi. Alikuwa na tangi la maji ya chumvi kwa duka lake Daraja Mbili, urefu sentimita 120, upana 45. Watoto walikuwa wanakubali kunyolewa bila kulia juu ya wale samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wa Finding Nemo. Kodi ikapanda, akaamua kuhamia Suneka. Akanipigia mimi, eti mtu wa video najua kutafuta vitu kwa simu. Nilitafuta dakika tano! Tukaweka samaki kwa ndoo, tukapunguza maji, mchanga tukauacha vile ulivyo, tukabeba.

Hesabu hatukupiga. Mchanga wa kina cha sentimita 12 kwa tangi hilo ni kama lita 65, na lita moja ya mchanga inapita kilo moja na nusu. Hiyo ni kilo 100 hivi kabla ya maji na glasi yenyewe. Glasi haipindi kama mbao, na kona zake zimeshikwa na silikoni tu. Haikupasuka, Mungu alikuwa upande wetu hapo.

Tukafika, tukarudisha maji, tukarudisha samaki, pampu ikawashwa, tukapiga hadi picha. Baada ya muda harufu ya mayai viza ikajaa kwa duka. Tukafungua mlango, tukasema itaisha. Asubuhi samaki wote saba walikuwa juu ya maji. Mtoto wa kwanza kuingia kunyolewa akauliza mbona wamelala kwa upande.

Sasa sikizeni. Mchanga wenye kina kirefu si pambo. Juu kuna oksijeni, lakini ukishuka sentimita kadhaa hewa inaisha, na huko chini kuna bakteria wanaoishi bila oksijeni. Kazi yao ni nzuri sana: wanachukua naitreti, ule uchafu unaobaki baada ya kinyesi cha samaki kuvunjwa, wanaigeuza gesi ya naitrojeni inayotoka zake. Ndio maana watu huweka mchanga mwingi. Lakini sehemu zingine huko chini zinatengeneza haidrojeni salfaidi, ile ya mayai viza, na kuna uchafu wa miezi au miaka umekwama. Mchanga ukitulia, sumu inakaa chini. Ukiutikisa kwa barabara ya matuta kutoka mjini hadi Suneka, umekoroga chungu chote. Sumu inapanda, amonia inapanda, oksijeni inaliwa, na samaki hana pa kukimbilia.

Na sisi watu wa Kisii hatuna kisingizio. Mwaka wa 2009 serikali ilianza kuchimba vidimbwi vya samaki sehemu nyingi za nchi, 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, na Kegati hapo tuna kituo cha utafiti wa samaki. Aliyewahi kukanyaga tope jeusi la kidimbwi anajua ile harufu. Ni kitu kile kile, tofauti yako umekifungia kwa glasi.

Kuna mmoja aliniandikia, "wewe uliacha chuo, bakteria unawajulia wapi?" Kweli niliacha. Hao samaki saba pia hawakuniuliza cheti.

Mwingine anasema alihama na mchanga na samaki wakapona. Sawa, mchanga wako ulikuwa sentimita ngapi? Mbili, tatu? Huo hata mimi singekusumbua sana. Naongea kuhusu sentimita kumi na kwenda juu.

Halafu kuna wale wa "ukitoa mchanga unaua bakteria wote". Uongo. Bakteria wengi wako kwa mawe na kwa chujio, mradi visikauke. Tayarisha maji mapya ya chumvi siku moja kabla, na iwe chumvi ya akwariamu, si ile ya ugali na sukuma. Samaki na mawe viingie kwa ndoo zenye maji ya zamani, na pampu ya hewa ya betri. Maji safi ya juu yanyonye kwa mpira uyahifadhi, yale ya chini yenye vumbi mwaga. Chota mchanga wa juu sentimita mbili hivi uweke kando kama mbegu. Ule wa chini utupe, au uoshe mpaka maji yatoke meupe. Tangi libebwe tupu. Ukifika, pima amonia kabla ya kurudisha samaki, na uendelee kupima wiki hiyo. Na uhame asubuhi, jioni Kisii unajua mvua na radi, stima ikipotea hita na pampu zimelala.

"Mchanga mpya ni ghali." Ghali kuliko samaki? Wengi wa samaki wa maji ya chumvi hawafugwi, wanavuliwa kwenye matumbawe. Huko Pwani yetu kuna wapiga mbizi wanaowakamata mmoja mmoja kwa nyavu. Wa kutoka Mombasa hadi hapa ni kama kilomita 800 kwa mfuko wa plastiki. Amevumilia hizo zote, halafu unamuulia Suneka juu ya kuogopa kuchota mchanga na kikombe?

Tangi la beshte yangu bado liko pale, sasa linahifadhi mafuta ya nywele na taulo. Nyinyi wa ile video, hongera kwa laiki. Sasa postini video ya asubuhi iliyofuata. Nasubiri.