Chuma cha Chapati Kirudi Nyumbani



Ukifika Lizaboni hapa Songea wakati wa jioni, pua yako itakuonyesha mahali chakula kilipo. Kando ya barabara kuna moto wa kuni. Juu ya moto kuna chuma bapa, kipana na cheusi. Mama lishe anageuza chapati. Pembeni mayai yanakaangwa pamoja na vitunguu. Mafuta yanalia. Mate yanakujaa kinywani kabla hujauliza bei.

Je, wanaokula pale ni nani? Nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi, kwa hiyo najibu kwa haki. Wengi wetu ni wanaume wenye pesa kidogo mfukoni. Tunakula chipsi mayai, chakula ambacho vijana hukiita zege. Tunafuta midomo. Kisha tunakwenda nyumbani, na huko watoto wamekwisha kula ugali na majani yasiyo na mafuta, wamelala.

Mimi nasema chuma kile kirudi nyumbani. Kiwekwe uani, na watoto wakae karibu nacho.

Mkoa wetu wa Ruvuma unalima mahindi mengi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi hapa kwetu. Tunalisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, karibu 36 wamedumaa. Yaani ni wafupi kuliko umri wao, na akili zao pia hazikupata chakula cha kutosha cha kukulia. Kwa nchi nzima ni watoto 30 katika 100. Basi sisi wenye maghala tumewapita hata wasio na maghala. Tumbo la mtoto limejaa, lakini limejaa kitu kimoja tu.

Mwaka 1975 wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Chakula ni Uhai. Walifundishwa kuchanganya vyakula. Somo lile lilikuwa zuri. Naona kasoro moja tu: somo la namna hii watu hulisikia kama dawa. Kula hiki, kina faida. Kula kile, kina faida. Mtoto hali faida. Mtoto anakula kitu kitamu. Mama lishe wa Lizaboni analijua jambo hili kuliko sisi maafisa wa elimu.

Basi tujifunze kwake. Chuma chenyewe ni kitu rahisi. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia bamba la chuma lenye unene wa milimita tano hivi. Chuma chembamba hupinda kwa moto. Usikubali bati, wala chuma chochote kilichopakwa zinki, maana kikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Usikubali pia kipande cha pipa lililowekwa dawa ya mimea. Hata ukiliosha mara kumi, usilikubali.

Kioshe chuma kipya, ukikaushe, ukipake mafuta kidogo sana, kisha ukiweke motoni mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne. Kitakuwa cheusi na chakula hakitagandamana. Jenga kuta mbili fupi za matofali, uweke chuma juu yake. Kuni ziwe kavu. Zisukume upande mmoja ili upande ule uwe na moto mkali, na upande wa pili uwe na joto dogo. Hiyo ndiyo siri ya chuma bapa. Sufuria ina moto mmoja. Chuma kina moto wa namna mbili kwa wakati mmoja.

Sasa tupike.

Anza na kiporo cha ugali. Kiwe kimefunikwa vizuri usiku na kisiwe kimechacha. Kikate vipande vyenye unene wa kidole. Chemsha majani ya maboga kidogo, uyakatekate, uyachanganye na mayai mawili, chumvi na kitunguu. Chovya kila kipande cha ugali humo. Kipake chuma mafuta, uweke vipande, uvigeuze mpaka viwe na rangi ya dhahabu na moto ufike mpaka ndani. Mayai mawili yatatosha watoto wanne. Nimekiona chakula hiki kikiisha kabla ya chai kupoa. Ni ugali uleule waliouacha jana!

Maharage nayo yamechoka kuwa mchuzi kila siku. Yaloweke usiku, yataiva upesi na utaokoa kuni. Yakiiva, chukua vikombe viwili, uyaponde. Tia nusu kikombe cha unga wa dona, kitunguu na chumvi. Tengeneza vidonge bapa kama kababu. Viweke upande wa joto dogo, usiwe na haraka, kwa sababu ukivigeuza mapema vitavunjika. Mtu akikuuliza kama ni nyama, mwache aonje kwanza.

Na boga? Lipike, uliponde, uchukue kikombe kimoja. Changanya na kikombe kimoja cha unga wa ngano na kimoja cha dona. Dona peke yake haishikani vizuri, ndiyo sababu tunatia ngano. Kanda, sukuma, choma. Chapati hizi zina rangi ya njano na utamu wa boga, hazihitaji sukari.

Kuna na dagaa wa Ziwa Nyasa. Hawa hawahitaji hata tone la mafuta. Wachague, uwaoshe, uwakaushe juani, kisha uwatandaze kwenye chuma chenye joto dogo mpaka wakauke na kuvunjika kwa vidole. Kaanga karanga vivyo hivyo. Twanga vyote pamoja. Kijiko kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita ni kitu kikubwa, kwa sababu dagaa huliwa pamoja na mifupa yake. Lakini karanga na mahindi vyenye ukungu vitupe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wapo watakaoniuliza, mbona unasifu kuni wakati nchi inakwenda kwenye gesi? Ni kweli. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono. Moshi wa kuni ndani ya jiko lililofungwa huumiza macho na kifua cha mama na cha mtoto aliye mgongoni. Lakini wengi wetu bado tunapika kwa kuni, na mtoto hawezi kungoja mpaka mwaka 2034 ndipo ale yai. Kama ni kuni, basi tupikie nje, penye hewa, chini ya kipaa cha nyasi wakati wa mvua.

Niliyasema haya darasani. Mzee mmoja akacheka. Akasema, "Mwalimu, hayo ni mapishi ya hoteli."

Kabla sijajibu, mama mmoja alisimama. Akasema, "Mwalimu, mayai ninayo. Kuku wangu wanataga. Lakini mayai ni ya kuuza. Nikiyala, daftari la mtoto nitanunua kwa nini?"

Nilimuuliza huyauza wapi. Akasema huyapeleka kwa wakaanga chipsi wa barabarani. Tulichukua chaki. Yai moja huuza shilingi 400. Kisha nikawauliza wanaume bei ya sahani moja ya zege yenye mayai mawili. Wakasema shilingi 3,000. Sasa soma hesabu hii polepole. Mama anauza mayai mawili, anapata shilingi 800. Jioni baba anakwenda barabarani, analipa shilingi 3,000, anakula mayai mawili. Huenda ni yaleyale! Yai limetoka nyumbani kwa shilingi 400, limerudi tumboni mwa baba kwa bei kubwa, na mtoto hakuliona. Darasa lilikuwa kimya. Hata mimi nilikuwa kimya, kwa sababu juma lile nilikuwa nimekula zege mara tatu.

Sisemi mama lishe wasinunuliwe chakula. Wanasomesha watoto wao kwa kazi hiyo. Nasema baba akipunguza sahani mbili kwa juma, shilingi 6,000 zinabaki. Daftari litanunuliwa, na mayai kadhaa yatabaki nyumbani.

Yule mzee aliyecheka akauliza fundi anatoza kiasi gani kukata chuma. Nikajua hesabu imeingia. Lakini yule mama alikuwa bado amesimama.

"Sawa," akasema. "Chuma kimekuja uani. Na kuni za kupikia mapishi hayo yote atakwenda kuzitafuta nani?"

Swali hilo sikulijibu mimi. Niliwageukia wanaume, nikawapa chaki.