Majuto Alikuwa Fundi

Amri Athuman, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Majuto, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akazikwa kwao Tanga. Waliomlilia walimsifu kwa kipaji cha kuzaliwa, na mpaka leo ndivyo anavyosifiwa. Toleo hili la vichekesho linaanza kwa kuipinga sifa hiyo.

Kipaji alikuwa nacho, nani atabisha? Ila tuhesabu miaka. Alizaliwa 1948, akapanda jukwaani angali mtoto, kabla ya Uhuru. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Yaani alipoingia sebuleni mwetu alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40, aliyekwisha kupikwa na jukwaa.

Na jukwaa lenyewe halikuwa na huruma. Vichekesho vya enzi hizo havikuandikwa. Waigizaji walikubaliana kisa tu, mshamba kaja mjini, mume bahili, mganga tapeli, kisha kila mmoja akajaza maneno yake papo hapo, mbele ya watu waliolipa kiingilio na wasioona haya kuzomea. Katika maonyesho ya vikundi vya sanaa Dar es Salaam miaka ya 1980, kichekesho kilikuwa kipande kimoja ndani ya usiku mrefu wa ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu. Asiyewanasa watu mapema aliwapoteza. Huko ndiko mchekeshaji alikojifunza kuacha kicheko kishuke kwanza, ndipo atupe neno linalofuata.

Kamera, kwa upande wake, haicheki. Wengi waliotoka jukwaani waliendelea kupaza sauti na kurusha mikono mbele yake, kana kwamba wanamchezea mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Majuto alipunguza. Mtazame anapobanwa kwa deni au kwa uongo wake mwenyewe: uso unatulia, macho yanamhama mwenzake taratibu, anakaa kimya, kisha jibu linatoka kwa lafudhi ya Tanga, kama vile yeye ndiye aliyekosewa. Kimya kile kimepimwa. Nami nitasema bila kuficha kwamba filamu nyingi alizocheza hazikumstahili. Hadithi zilikuwa legelege, mzee akazibeba mgongoni.

Ubishi huu una sababu, nayo ni fedha. Kinachodhaniwa kuwa msanii amezaliwa nacho tu, mnunuzi hukitaka kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ya biashara ikawa gumzo, na Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Hatua njema, lakini ilikuja mwenye kazi akiwa amelala kitandani. Fundi hupatana bei kabla hajashika nyundo, na anayemwita hathubutu kumwambia kwamba anajifurahisha tu.

Ndiyo maana waandishi wetu safari hii tumewaomba waandike kuhusu mazoezi, malipo, sauti na mwendo wa mchekeshaji, wasituletee orodha ya visa vyake vilivyotuvunja mbavu. Kumbukumbu za jukwaani ni chache kuliko filamu. Msomaji mwenye kanda ya zamani, picha au tangazo la onyesho la vichekesho, tafadhali asilitupe. Atuandikie.