Viti Vimezidi Msikitini, Tuizungumze Miili Yetu

Ijumaa moja, kabla ya khatibu kupanda mimbari, nilijikuta nahesabu viti katika msikiti ninaosali. Vilikuwa 23. Nikiwa barobaro viti havikuzidi vitatu, na waliovikalia walikuwa wazee waliokula chumvi nyingi, wenye mikongojo. Leo wengi wanaovikalia ni watu wa miaka 50 na kitu. Wako na wa rika langu, ambao hata 50 hatujafika.

Simnyooshei mtu kidole. Dini imemruhusu mgonjwa asali kwa kukaa, na mwenye udhuru udhuru wake aujua yeye na Mola wake. Ninachouliza ni kitu kingine: imekuwaje magoti ya Waswahili yamechoka mapema hivi?

Swali hilo lilinirudia wiki mbili baadaye, tulipokwenda kumzika mwenzangu tuliyesoma naye chuoni. Sukari ilimpata mapema, akaipuuza, ikaingia kwenye mafigo. Miaka yake miwili ya mwisho aliimaliza akisafishwa damu mara mbili kila wiki. Ameacha mjane na watoto wanne, mdogo wao yuko darasa la tatu. Alikuwa na miaka 47. Nililipokea jeneza lake kwa bega, na kabla ya kufika kona ya pili pumzi zilinikatika. Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, "Mzee, nipishe nikupokee." Nilimpisha. Lakini lile neno "mzee" lilinikaa moyoni hadi usiku.

Siku ya tatu yake alipita mtaani mhudumu wa afya ya jamii, binti wa hapa hapa tunayemjua, na mkoba wake wa vipimo. Nikampa mkono. Presha ilisoma 152 kwa 96. Akapima tena baada ya kunipumzisha, haikushuka. Akaniambia, "Ami, hii si ya kulala nayo. Kesho uende zahanati." Nilikuwa sijawahi kupimwa kwa zaidi ya miaka mitano, na nilijiona mzima.

Siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa na serikali mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban robo ya watu wazima nchini walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa sukari, wasiowahi kupimwa walikuwa wengi zaidi. Maradhi haya mawili hayapigi hodi. Presha haiumi na sukari ya mwanzo haiumi. Ukija kusikia maumivu, mara nyingi jicho, figo au mshipa wa moyo ushaguswa.

Kila nikilizungumza jambo hili barazani, jibu huwa moja: "Wazee wetu walikula nazi, walikula samaki wa kukaanga na mahamri, na waliishi miaka 90. Nyinyi wa siku hizi mna maneno mengi." Hoja hiyo ina uzito, lakini nusu yake imeachwa nje.

Nusu iliyoachwa ni siku ya mzee ilivyokuwa. Babu alikwenda baharini kwa kafi na tanga. Akirudi alipanda mnazi au alilima shamba. Alikwenda sokoni na msikitini kwa miguu, mara tano kwa siku. Bibi alivuta maji kisimani, akatwanga kwa kinu, akakuna nazi juu ya mbuzi, akafua kwa mkono na kuinama kufagia ua. Hakuna aliyeita kazi hizo mazoezi, lakini ndizo zilizoyala yale mahamri. Sisi tumebakisha sahani ya wazee tukaiacha siku yao. Maji ni ya mfereji, nazi yakunwa na mashine dukani, na kwenda msikitini, mwendo wa dakika saba, twapanda tuktuk.

Na hata hiyo sahani si ile ile. Biriani ilikuwa chakula cha harusi na sikukuu. Sasa ni ya kila Ijumaa, na ikibaki ni ya Jumamosi. Soda ilikuwa ya mgeni, leo imekuwa mwenzake wa viazi karai kila jioni. Muhogo, mbaazi, kunde, pojo na mchicha vimesukumwa pembeni na chapati za unga mweupe. Hata futari zetu za Ramadhani zinajieleza: mwezi wa kupunguza tumeugeuza mwezi wa sambusa, kaimati na sharubati, na wengi twatoka tumeongeza kilo.

Tuifanyie hesabu sukari peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu inayotokana na chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Sasa hesabu: chai ya asubuhi vijiko vitatu, ya saa kumi vitatu, ya usiku vitatu. Ushafika tisa, na hujagusa soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 hubeba zaidi ya gramu 30. Hujagusa halwa wala kashata.

Jambo jingine tusiloambiana ni habari ya misuli. Mtu akishapita miaka 30 au 40 misuli huanza kupungua polepole, na akipita 60 hupungua kwa kasi, isipokuwa aifanyishe kazi. Misuli ya mapaja ndiyo inayolibebea goti mzigo. Ikilegea, na tumbo likaongezeka, goti hubeba peke yake. Hapo ndipo kiti cha msikitini kinapoanza. Misuli pia ndiyo inayoila sukari nyingi iliyomo kwenye damu, kwa hivyo ikipungua, na sukari hupata nafasi ya kupanda.

Basi afanye nini mtu wa makamo asiye na pesa za gym? Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Walio na miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya kujisawazisha ili wasianguke, siku tatu kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule wa mtu anayewahi gari: waweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Mimi si daktari, nitasema nilichofanya. Nilikwenda zahanati, nikapewa dawa na nazimeza. Baada ya swala ya alfajiri sirudi kulala. Natembea kutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina na kurudi. Jioni nakaa kwenye kiti cha mbao na kusimama bila kushika, mara kumi, napumzika, narudia. Siku ya kwanza mara ya sita ilinishinda. Chai nimeishusha hadi kijiko kimoja. Wali nimeupunguza nusu, nafasi yake nimeijaza mboga na kunde, na samaki wa kupaka amechukua zamu za wa kukaanga. Chumvi ya mezani tumeiondoa, kwani kipimo cha siku nzima ni chini ya gramu tano, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo chunguni. Baada ya miezi minne presha ilisoma 134 kwa 86. Sijapona, lakini nimepata nafasi. Na anayetumia dawa za sukari asianze mazoezi mazito wala kufunga bila kumuuliza daktari wake, wala asiache dawa kwa sababu ameuziwa chupa ya miti shamba.

Kuna wanaoona mtu mzima akikimbia anajivunjia heshima, hasa akiwa mwanamke. Hao nawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alimshinda, na baadaye, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda yeye. Wakati huo Mtume ameshapita miaka 50. Na hadithi ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, twaisikia kila mwaka kwenye mawaidha, halafu twatoka kwenda kwenye sinia.

Lakini nisiutwike mzigo wote mgongoni kwa mtu mmoja mmoja. Ukimwambia mama wa Kibokoni, Majengo au Kisauni atembee, atakuuliza: nitembee wapi? Njia za miguu zimejaa meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa. Viwanja tulivyochezea mpira tukiwa watoto, vingi ni majumba leo. Njia za kwenda ufuoni zimefungwa moja baada ya nyingine na kuta za watu wenye uwezo. Mama aliyevaa buibui hawezi kukimbia mahali pasipo na taa wala stara, huku vijana wa maskani wakimtolea maneno.

Katiba ya 2010 imeliweka wazi jambo hili. Jedwali la Nne limeipa serikali ya kaunti jukumu la michezo, bustani, fuo na sehemu za mapumziko. Afya nayo iko chini ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kwa hivyo taa za njiani, uwanja wa mtaa na njia ya ufuoni si hisani ya mwanasiasa wakati wa kampeni. Mama Ngina ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, tuliona wenyewe jinsi watu walivyomiminika kutembea. Watu hawakosi hamu, wanakosa mahali. Lakini Mama Ngina moja haitoshi mji mzima, na wa Changamwe au Mtwapa hawezi kupanda matatu kila asubuhi ili akatembee.

Pesa nazo zazungumza lugha hiyo hiyo. Tangu Oktoba 2024 twachangia bima mpya ya afya chini ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira ya mshahara hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Malalamiko juu ya bima hiyo twayajua sote. Lakini hata ingekwenda kama maji, hakuna mfuko utakaotosha tukiendelea kupeleka watu wa miaka 40 kwenye mashine za kusafisha damu. Figo iliyokwisha hugharimu pesa kila wiki, kwa miaka. Kipimo cha sukari ni tone la damu.

Na kipimo hicho kipo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wakipita kwako, wafungulie mlango. Serikali zetu mbili, ya kitaifa na ya kaunti, ziwalipe posho zao kwa wakati na zihakikishe vijiti vya kupimia havikatiki, maana mkoba bila vijiti ni pambo.

Nina maombi matatu. Maimamu na kamati za misikiti, tengeni Ijumaa moja kwa mwezi wahudumu hawa wapime watu baada ya swala, na kina mama wapangiwe siku yao madrasani. Wawakilishi wa wadi, katika mikutano ya bajeti ijayo tutawauliza habari ya taa, viwanja na njia za ufuoni, na tutaandika majibu yenu. Na wewe ndugu yangu uliyepita 40, kapime presha na sukari wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote.

Juzi Ijumaa nimevihesabu tena viti. Vimefika 25. Nilisujudu nikiwa nimeshukuru kuwa goti bado linakunjika, na nikamuombea yule niliyeshindwa kulibeba jeneza lake. Tukutane wiki ijayo, inshallah.